Dawa ya kuvuta kwa mapafu yenye sistiki faibrosisi: maswali ninayoulizwa hapa Mbeya

Mimi ni mfamasia, naishi Uyole, na ni mjomba wa binti wa miaka 9 mwenye ugonjwa huu. Kwa sababu hizo mbili simu yangu haipumziki. Maswali yafuatayo yametoka kwa dada yangu, kwa bibi wa mtoto aliyeko Tukuyu, kwa mwalimu wake wa darasa na kwa wazazi wawili watatu niliokutana nao kwenye benchi la kliniki. Nimeyaacha jinsi yalivyoulizwa. Dozi ninazotaja ni zile za kawaida zinazoandikwa kwenye maelezo ya dawa. Ya mwanao anaipanga daktari wake, si mimi.

Kwanza huu ni ugonjwa gani? Mbona ukoo wetu haujawahi kuusikia?

Ni ugonjwa wa kurithi. Jeni iitwayo CFTR, iliyogunduliwa mwaka 1989 kwenye kromosomu ya 7, ndiyo inayosimamia chumvi na maji kupita kwenye kuta za chembe za mwili. Ikiharibika, ute ambao kwa wengine ni mwepesi unakuwa mzito kama uji uliolala. Unaziba njia za hewa, unaziba kongosho, chakula hakisagiki vizuri. Jasho nalo linakuwa na chumvi nyingi kupita kawaida. Dada yangu alikuwa akisema tangu mtoto akiwa mchanga: "Huyu nikimbusu paji la uso ni kama nimelamba chumvi." Tulicheka tu, mimi mfamasia nikiwemo.

Mtoto anaugua akipata jeni mbovu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi wenyewe huwa wazima, ndiyo maana ukoo haukusikia kitu. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Bibi, hakuna aliyerogwa, na hakuna aliyekosea mila.

Si kweli pia kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Umeenea zaidi kwao, sawa, lakini Waafrika wanao. Kwa wagonjwa weusi wa Afrika Kusini kuna badiliko la jeni linaloonekana sana, huandikwa 3120+1G>A. Shida yetu ni kwamba kikohozi kisichoisha na mtoto asiyenenepa vina majina mengine yaliyozoeleka: nimonia, pumu, utapiamlo, TB. Mpwa wangu alipitia majina yote manne, na dozi ya TB aliimaliza bila mdudu wa TB kuonekana kwenye makohozi hata siku moja.

Kwa nini avute dawa wakati vidonge na sindano zipo?

Kwa sababu ya mahali walipojificha wadudu, yaani bakteria ambao dawa hii, antibayotiki, inawapiga. Hawako kwenye damu. Wako ndani ya ute, kwenye vijia vya hewa. Dawa ya kumeza au ya mshipa hupita tumboni au kwenye damu, inazunguka mwili mzima, na kinachofika ndani ya ute mzito ni kidogo. Ukiongeza dozi ili kifike kingi, figo na masikio yanaanza kulalamika. Dawa ya kuvuta inatua palepale. Kwenye makohozi inakuwa nyingi mno, kwenye damu inabaki kidogo.

Anayesumbua zaidi ni bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Anapenda mahali penye majimaji: sinki, mifereji, maji yaliyosimama, sponji ya vyombo. Kwa mtu mwenye mapafu mazima hana madhara makubwa. Kwenye ute wa sistiki faibrosisi anajenga utando wake na kukaa humo kama mpangaji asiyetaka kuhama. Akigundulika mara ya kwanza, kabla hajajenga, dawa ya kuvuta ya siku 28 mara nyingi inamfukuza kabisa. Akishazoea, lengo linabadilika: kumpunguza na kumtuliza ili mapafu yasiendelee kuchakaa. Ndiyo maana makohozi yapimwe mara kwa mara, yaoteshwe maabara, hata mtoto akionekana mzima. Maabara yenye uwezo wa kuotesha bakteria usitafute kila kituo cha afya. Kwa kanda hii anzia hospitali za rufaa.

Hali ikichachamaa, yaani homa, kupungua uzito, kukohoa kuliko kawaida yake, daktari anaweza bado kumlaza na kumtundikia dawa ya mshipa. Dawa ya kuvuta haijaifuta ile ya mshipa.

Je, si sawa na kujifukiza? Sisi nyungu tunaijua.

Swali hili ni la bibi, na nalipenda kuliko yote, kwa sababu kosa ni letu sisi wa hospitali tulioliita "kupiga mvuke".

Mvuke ni maji yaliyochemka. Ukiweka antibayotiki kwenye sufuria ukachemsha, maji yanapanda hewani na dawa inabaki chini ya sufuria, tena imeungua. Mtoto anavuta joto tupu, na wengi wameunguzwa na nyungu iliyopinduka. Nebulaiza haichemshi chochote. Inasukuma hewa kwa nguvu kwenye kikombe cha dawa na kuipasua kuwa matone madogo sana, ya kati ya maikromita 1 na 5. Tone kubwa linaishia kooni. Dogo mno linatoka tena na pumzi. La katikati ndilo linalofika.

Kwa hiyo ni ukungu, si mvuke. Ule ukungu unaoshuka barabara ya Tukuyu alfajiri, gari linawasha taa na kanga inalowana bila mvua kunyesha: ndivyo dawa inavyoingia. Tangu nimwambie hivyo, bibi anasema mtoto "anavuta ukungu wake", na nimeona niliache jina hilo.

Dawa zenyewe ni zipi?

Ya zamani iliyofanyiwa kazi kubwa ni tobramaisini, ndugu wa jentamaisini mnayoijua ya sindano. Kichupa kina miligramu 300 kwenye mililita 5, asubuhi na jioni, kwa wenye miaka 6 na kuendelea, ingawa madaktari wa watoto huwapa hata wadogo zaidi. Marekani waliiidhinisha mwaka 1997. Utafiti wake uliochapishwa 1999 ulikuwa na wagonjwa 520. Kufikia wiki ya 20, nguvu ya kupuliza hewa kwa waliovuta dawa ilikuwa imepanda kwa wastani wa asilimia 10. Waliovuta maji yasiyo na dawa walishuka kwa asilimia 2.

Ipo pia ya unga mkavu, kapsuli 4 asubuhi na 4 jioni, zinazotobolewa ndani ya kifaa kidogo cha mkononi. Haihitaji umeme. Inakohoza, lakini kwa nyumba ambayo umeme unakatika kila wiki ningeiwazia. Kapsuli hizo hazimezwi, tafadhali.

Kolistini inakuja kama unga wa kuchanganya, na inatumika sana Ulaya. Aztreonamu ni miligramu 75 mara tatu kwa siku. Levofloksasini ya kuvuta ipo pia.

Usizitegemee kuzikuta dirishani kwenye duka la dawa la Mwanjelwa. Nyingi huagizwa kwa jina la mgonjwa, na kuagiza dawa nje kuna taratibu za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, basi anza na daktari na mfamasia wa hospitali mapema, si wiki dawa inapoisha. Na ukiletewa dawa na ndugu aliye ughaibuni, soma sanduku: jina moja la dawa lina aina ya sindano na aina ya kuvuta.

Sindano ya jentamaisini si ni ileile? Tuiweke kwenye nebulaiza tuokoe hela.

Naelewa hesabu yake. Lakini dawa nyingi za sindano zimetiwa vihifadhi ili zisiharibike kwenye chupa, na vihifadhi hivyo vikiingia kwenye njia za hewa vinaweza kuzibana ghafla. Wapo madaktari ambao, kwa kukosa njia, wameitumia wakiwa wamesimama pembeni ya mgonjwa. Hilo ni la daktari. Nyumbani, hapana.

Ndugu yake swali hili ni: "Naweza kuchanganya kolistini ya wiki nzima Jumapili?" Hapana kabisa. Ikishachanganywa na maji inaanza kubadilika kuwa kitu chenye sumu kwa mapafu. Mwaka 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mgonjwa kufa kwa kutumia iliyochanganywa mapema. Changanya, vuta, umemaliza.

Kwa nini siku 28 anavuta, siku 28 anapumzika? Si ndiyo usugu huo?

Kinyume chake. Kupumzika kunawapa nafasi wadudu wanaosikia dawa warudi wawe wengi kuliko sugu, ili mzunguko unaofuata dawa ikute wa kuwapiga. Utaratibu huo ni wa tobramaisini na aztreonamu. Kolistini mara nyingi huvutwa mfululizo, na wengine daktari huwabadilishia dawa mbili kwa zamu.

Angalia: 28 ni wiki nne, si mwezi. Dada yangu aliwahi kuhesabu "mwezi hadi mwezi", baada ya mizunguko michache tarehe zikawa vurugu. Sasa kalenda ya ukutani imechorwa, wiki nne nyekundu, wiki nne nyeupe, na mtoto mwenyewe ndiye anayechora.

Asubuhi tunaanza na nini?

Hapa ndipo dawa ya gharama inapotupwa bure. Nimeona mtoto akiamshwa, anawekewa antibayotiki kabla hajakohoa, ukungu wote unatua juu ya ute wa usiku. Halafu anakohoa, ute unatoka na dawa yake, unatemwa kwenye beseni.

Mpangilio ni huu. Kwanza dawa ya kufungua kifua, kama salbutamo, kisha mnangoja kama dakika 15. Pili maji ya chumvi kali ya kuvuta, kama ameandikiwa. Tatu kutoa makohozi: mazoezi, kupuliza kwenye kifaa chake, na ule mpumuo wa "haa" kama anayetia ukungu kwenye kioo ili aandike jina lake. Mpwa wangu anafanya kwenye kioo cha dirisha kwelikweli. Julai hapa Uyole kioo kinaandikika vizuri. Antibayotiki inakuja mwisho, njia zikiwa wazi, na baada yake asikohoe kwa makusudi.

Akae wima, mdomo wa kifaa juu ya ulimi, apumue kawaida kwa kinywa. Tobramaisini inachukua takriban dakika 15. Ikichukua 40, kikombe kimeziba au kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, imechoka. Ya kwanza tuliyonunua mjini ilikuwa na kelele za mashine ya kusaga na hewa ya baiskeli.

Dozi mbili za tobramaisini zikaribie saa 12 baina yake, zisiwe chini ya saa 6. Kwa mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, maana yake kuamka saa kumi na moja alfajiri. Ni mateso, sikatai. Amesahau? Kama zimebaki saa 6 au zaidi kabla ya inayofuata, avute. Zikiwa pungufu, aruke. Hakuna kuvuta mbili kwa pamoja.

Kikombe cha nebulaiza kinasafishwaje? Kukisuuza hakutoshi?

Hakutoshi. Kifaa kichafu kinampelekea mtoto wadudu walewale unaowafukuza, tena kwa matone ya ukubwa wa kufika mbali kabisa. Nikiambiwa nichague kati ya dawa bora na kikombe kisafi, sijui kama ningechagua dawa.

Kila baada ya kutumia: fungua vipande vyote, osha kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza. Kisha ua wadudu. Kama maelezo ya kifaa yanaruhusu, chemsha dakika 5. Mimi hapa naongeza hadi 10, na sababu ni milima yetu: Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanatokota yakiwa na takriban nyuzi 94, si 100. Makete kwenye miinuko zaidi ni chini ya hapo. Kutokota si joto lilelile kila mahali. Anayepika maharage huku analijua hilo. Vipande vielee ndani ya maji mengi, visiguse kitako cha sufuria, vitayeyuka. Mpira wa hewa na kompresa havichemshwi.

Vifaa visivyoruhusu kuchemshwa hulowekwa kwenye spiriti ya asilimia 70 ya aina ya isopropili kwa dakika 5, halafu vinasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, si ya bomba. Siki haitoshi kumuua Pseudomonas.

Halafu kukausha, ambako ndiko tuliposhindwa sisi. Tulikuwa tunachemsha vizuri, kisha tunafuta kwa taulo ya jikoni na kufungia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Siku moja nilikishika kikombe nikakiinua dhidi ya mwanga wa dirisha: pale chini, kwenye tundu dogo la hewa, kulikuwa na tone la maji limezungukwa na utepe wa utelezi, mwembamba kama ukucha. Tangu siku hiyo vipande vinapangwa juu ya kitambaa safi kisichotoa nyuzi, vinafunikwa kingine, vinakauka vyenyewe kwa hewa. Msimu wa mvua havikauki hadi jioni, kwa hiyo tuna seti mbili.

Ina madhara gani? Sindano hizi si ndizo zinazoua masikio?

Sauti kukwaruza, kikohozi wakati wa kuvuta, ladha mbaya mdomoni. Hayo yapo na yanavumilika. La kuogopa ni kifua kubana, ndiyo maana dozi ya kwanza ivutiwe hospitalini, apimwe kabla na baada.

Kuhusu masikio, kwa njia ya kuvuta hatari ni ndogo kuliko ya sindano, lakini mtoto akisema anasikia mlio sikioni, mpigie daktari siku hiyohiyo. Na waulize ndugu wa upande wa mama: kuna aliyekuwa kiziwi baada ya sindano za jentamaisini au streptomaisini? Kuna hitilafu inayorithiwa kwa mama pekee, inayoyafanya masikio yadhurike hata kwa dozi ya kawaida. Kwa jambo hilo shangazi hawana la kusema. Ni mama, bibi mzaa mama na sisi wajomba. Akikohoa damu, acheni kila kitu mwende hospitali.

Inatibu na TB?

Hapana. TB ina dawa zake na zinamezwa. Lakini mwenye sistiki faibrosisi hana kinga ya kutopata TB, kwa hiyo kikohozi kikibadilika apimwe hiyo pia.

Mdogo wake ana pumu. Watumie mashine moja?

Kompresa moja, sawa, kama hakuna njia. Kikombe, mdomo wa kifaa na barakoa, kila mtu na vyake. Na wadudu wa huyu kwa kawaida hawamdhuru mdogo wake asiye na sistiki faibrosisi, wale pamoja, walale pamoja. Wasiokaribiana ni watoto wawili wenye sistiki faibrosisi: wanaambukizana wadudu wabaya, hivyo kliniki wakae mbali, mita 2 au zaidi. Inauma, maana ndio pekee wanaoelewana.

Wakati wa kuvuta, fungua dirisha. Dawa inayotoka na pumzi inabaki chumbani na kila mtu anaivuta. Kifaa chenye kichujio upande wa kutolea pumzi ni bora.

Usiku wa baridi tunaweka jiko la mkaa ndani. Kuna shida?

Kubwa. Moshi na hewa ya mkaa vinaharibu mapafu haya kuliko baridi yenyewe, mbali na kwamba jiko ndani ya chumba kilichofungwa linaua hata wazima. Ongeza blanketi.

Tunasafiri na basi hadi Dar kwa kliniki. Dawa itafika nzima?

Tobramaisini ya maji inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Nje ya friji inavumilia siku 28 mradi joto lisizidi 25, na isipigwe na mwanga. Iache kwenye karatasi yake ya fedha. Kwa Mbeya umeme ukikatika usiku, usipaniki, chumba chetu chenyewe ni friji ya maskini. Ila ukishateremka Morogoro mchana, ndani ya basi 25 imepitwa zamani. Beba kiboksi cha baridi chenye vipande vya barafu, ukitenga dawa kwa gazeti isigandane. Kikae miguuni pako, si kwenye buti la basi. Dawa ya maji ikiwa na vipande ndani au rangi isiyo ya kawaida, iache.

Atavuta hadi lini?

Kama mdudu amefukuzwa, baada ya siku 28 wanapima tena na huenda akaacha. Kama amekaa, ni miaka. Kuna vidonge vipya vinavyorekebisha kazi ya CFTR yenyewe, cha kwanza mwaka 2012, vya mchanganyiko wa dawa tatu mwaka 2019. Vimebadilisha maisha ya wengi nchi tajiri. Bei yake kwetu ni ya kusimulia tu, na havifanyi kazi kwa kila badiliko la jeni.

Mjomba, alfajiri hataki kuamka. Nimsogezee ukungu usoni akiwa amelala?

Hapana, dada. Ukipeperushiwa tu usoni mwingi unaishia kwenye mto, na akilia ndiyo kabisa hauingii. Mwamshe, mwache akasirike dakika tano, mpe chai yake ya maziwa. Kalamu nyekundu ya kalenda iko juu ya kabati, upande wa kushoto. Mwambie siku ya leo haijachorwa.